Shahidi wa Kiyunani: Pwani Yetu na Ghuba katika Daftari la Mfanyabiashara wa Karne ya Kwanza

Dirhamu tunayolipia mkate na nauli hapa Karama ilianza kutumika katika Imarati mwaka 1973, lakini jina lake ni la kale kuliko Imarati na kuliko Uislamu. Asili yake ni drachma, sarafu ya fedha ya Wayunani. Wairani wakaichukua, Waarabu wakaiita dirham, na kwa vyombo vya Waarabu jina hilo likafika pwani ya Afrika Mashariki. Karatasi nayo ilikuwa khartes. Kalamu ni kalamos, yaani tete. Kanuni ni kanon, falsafa ni philosophia, na fanusi iliyokuwa ikiwashwa barazani ni phanos. Hata dukani kwa sonara, almasi, yakuti na zumaridi ni majina yaliyopita midomoni mwa Wayunani kabla ya kuingia katika Kiarabu na kisha katika Kiswahili. Mzee wa Unguja aliyeandika hati ya shamba lake la mikarafuu, kwa kalamu juu ya karatasi, mbele ya fanusi, alikuwa akitumia vitu vitatu vyenye majina ya asili ya Kiyunani, na huenda hakupata kuonana na Myunani hata mmoja maishani mwake.

Wanapotajwa Wayunani wa kale, wengi wetu hufikiria Athens, nguzo za marumaru, sanamu, tamthilia, jiometri ya Euclid na mijadala ya Plato na Aristotle, ambao vitabu vyetu vinawaita Aflatuni na Aristu. Urithi huo ni wa dunia nzima na hauhitaji wakili. Lakini kwa jamii kama yetu, yenye mguu mmoja Afrika Mashariki na mguu mwengine katika Ghuba, Wayunani wameacha amana ya pekee. Wao ndio waliotuachia maelezo marefu ya kale kabisa tuliyonayo kuhusu pwani yetu. Na kitabu hicho hicho kinaitaja pia bandari ya Omana.

Makala haya yanamhoji shahidi huyo. Amesema nini hasa, na ni yapi ambayo watu wamemsemea? Swali hili si la wasomi pekee. Maneno yake machache yametumiwa tena na tena katika mabishano ya nani mwenyeji na nani mgeni pwani, na nyumba nyingi zinazosoma jarida hili zinajua mabishano hayo yalifika wapi.

Wayunani katika Ghuba

Tuanze hapa tulipo. Mwaka 325 kabla ya Miladi, Nearchus, amiri wa merikebu za Alexander, yaani Iskandar, alitoka mdomo wa mto Indus akaufuata ufuko wa Uajemi kuelekea ndani ya Ghuba. Njiani waliiona rasi kubwa ng'ambo ya pili, wakaiita Maketa. Hiyo ndiyo Musandam ya leo. Onesicritus, mmoja wa wakuu wa msafara, alitaka wavuke wakaitazame. Nearchus alikataa, kwa hoja kwamba wametumwa kuupeleleza ufuko wa upande waliopo. Hata hivyo waliambiwa kuwa kutoka rasi ile mdalasini na viungo hupelekwa nchi ya Waashuri. Basi siku Wayunani walipoiona nchi ya Oman kwa mbali, habari ya kwanza waliyoandika juu yake ilikuwa habari ya biashara iliyokwishakuwepo.

Alexander alifariki Babeli mwaka 323 kabla ya Miladi, na jemadari wake Seleucus akarithi nchi za mashariki. Athari zao zimebaki katika mchanga wa Ghuba. Katika kisiwa cha Failaka cha Kuwait, ambacho Wayunani walikiita Ikaros, yamefukuliwa ngome, hekalu na mawe yenye maandishi ya Kiyunani. Bahrain waliiita Tylos. Na hapa Imarati kuna Mleiha, katika Sharjah, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Karama. Huko vimepatikana vishikio vya mitungi ya mvinyo vyenye mihuri ya kisiwa cha Rhodes, jambo linaloonyesha umbali ambao bidhaa za Bahari ya Kati zilikuwa zikisafiri.

La kutazamwa zaidi ni sarafu za Mleiha. Wenyeji walizipiga wenyewe kwa kuiga sarafu za Alexander: upande mmoja kichwa cha shujaa Herakles aliyevaa ngozi ya simba, upande wa pili mungu aliyeketi juu ya kiti. Lakini jina lililoandikwa juu ya nyingi kati ya hizo si la Alexander. Ni Abiel. Watu wa Mleiha waliuchukua ufundi wa wageni kwa kuwa ulikuwa ukikubalika sokoni, kisha wakaandika jina lao.

Katika makaburi ya Mleiha hiyo hiyo limepatikana jiwe lenye maandishi ya lugha mbili, Kiarami na lugha ya Arabia ya mashariki, la mwishoni mwa karne ya 3 kabla ya Miladi. Marehemu anaelezwa kuwa alikuwa mtumishi wa mfalme wa Oman. Ni miongoni mwa ushahidi wa kale kabisa wa jina hilo, na tarehe yake imehesabiwa kwa miaka ya Seleucus. Jina la Oman ni la wenyeji. Kalenda ni ya Wayunani. Hivyo ndivyo ustaarabu wa Kiyunani ulivyoishi katika Ghuba: ulitumiwa kama chombo, na mwenyewe akabaki mwenye nyumba.

Daftari la mfanyabiashara

Kitabu tunachokusudia kinajulikana kwa jina la Periplus ya Bahari ya Erythra. Periplus ni safari ya kufuata ufuko, na Bahari ya Erythra kwa Wayunani ilikuwa Bahari ya Sham, Ghuba, na Bahari ya Hindi kwa pamoja. Wataalamu wengi wanakiweka katikati ya karne ya 1 baada ya Miladi. Mwandishi hakujitaja jina. Ila mahali pamoja anazungumzia miti "tuliyo nayo Misri", na kwa hivyo tunamjua kuwa mkaazi wa Misri aliyeandika kwa Kiyunani.

Hakuwa mwanafalsafa, na Kiyunani chake si cha washairi. Alikuwa mtu wa biashara. Anatoka bandari hata bandari akieleza umbali, nani anatawala, maji yakoje, nini kinauzika na nini kinanunulika. Ni kitabu cha sehemu 66, fupi fupi. Kimetufikia kwa nakala moja ya mkono ya karne ya 10 iliyoko Heidelberg, Ujerumani, na nakala nyengine ya baadaye iliyoko London. Lau nakala ile ya kwanza ingeungua au ingeliwa na mchwa, karne ya kwanza ya pwani yetu ingekuwa karibu kiza kitupu.

Kuna jambo linalopasa kueleweka kuhusu neno "Myunani" katika zama hizo. Kiyunani kilikuwa kimekwisha kuwa lugha ya biashara, kama Kiswahili kilivyokuja kuwa kutoka pwani hadi Kongo. Aliyekitumia si lazima babu yake awe ametoka Athens. Periplus yenyewe inamtaja Zoskales, mfalme wa upande wa Adulis na Aksum, kuwa mtu aliyesoma maandiko ya Kiyunani. Karne tatu baadaye mfalme Ezana wa Aksum aliandikisha ushindi wake juu ya mawe kwa Kiyunani sambamba na Kigeezi. Uyunani wa bandarini ulikuwa wa ulimi na wa kalamu zaidi kuliko wa damu. Sisi tunaoulizwa kila siku kama ni Waarabu au Waswahili tunaweza kulielewa jambo hilo kwa wepesi.

Aidha, bahari hawakuigundua wao. Periplus inamsifu nahodha aitwaye Hippalus kwa kuijua njia ya kukata bahari moja kwa moja kwenda India. Lakini pepo za kusi na kaskazi zilikuwa zikijulikana na mabaharia wa Arabia na India kabla yake. Wayunani wa Misri walijifunza msimu kutoka kwa watu wa msimu.

Menouthias na Rhapta

Kusini ya Opone, yaani Ras Hafun ya Somalia, mwandishi anauita ufuko wote Azania. Anahesabu siku za safari na vituo, kisha anafika kisiwa cha Menouthias, kilichoko stadia 300 hivi kutoka bara, yaani yapata kilomita 50. Kisiwa kiko chini, kina miti mingi, kina mito, ndege wa aina nyingi na kobe. Wanyama wakali hakuna isipokuwa mamba, nao hawamdhuru mtu. Wengine wamedhani kwamba hao walikuwa kenge. Watu wake wana mitumbwi ya gogo na vyombo vidogo vilivyoshonwa, wanavyotumia kuvulia samaki na kasa. Tena wana namna ya pekee ya kuvua: hutumia vikapu badala ya nyavu, wakavitega kwenye milango ya maji.

Mtu wa Pemba, Unguja au Mafia hahitaji kufasiriwa hayo. Hayo ni madema. Wanahistoria wamegawanyika: wengine wanasema Menouthias ni Pemba, kwa umbali wake na vijito vyake, wengine Unguja, wengine Mafia. Kwa vyovyote vile, hapo ndipo mvuvi wa visiwa vyetu anapoonekana katika maandishi kwa mara ya kwanza, na anaonekana akiwa kazini.

Baada ya Menouthias, safari ya siku mbili usiku na mchana, inakuja bandari ya mwisho ya Azania. Mwandishi anaiita Rhapta, na anaeleza sababu: jina limetokana na vyombo vya kushona. Kwa Kiyunani rhapto ni kushona. Huko kuna pembe za ndovu kwa wingi na magamba ya ng'amba. Watu wake ni wakubwa wa miili, na kila mahali wana wakuu wao. Meli za Muza huwaletea mikuki iliyofuliwa huko huko Muza, mashoka, visu vidogo, misharasi na vitu vya kioo. Sehemu nyengine huletwa mvinyo na ngano, si kwa kuuzwa, bali kwa ajili ya kupata mapenzi ya wenyeji. Wageni walijua kwamba bila ya heshima ya mwenye mji hakuna biashara.

Rhapta iko wapi? Wapo waliosema Pangani, wapo waliosema karibu na Dar es Salaam, na wapo waliosema kaskazini zaidi, upande wa Mto Tana. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amefukua sehemu za Rufiji na Mafia, na hoja yake ni kuwa Rhapta ilikuwa upande wa delta ya Rufiji. Huko Ras Hafun, Neville Chittick alikuta katika miaka ya 1970 vigae vya vyungu vilivyotoka nchi za Bahari ya Kati na Misri, vya zama za Periplus. Hapana budi kuwa na tahadhari pia. Sarafu alizodai kuzipata Kapteni Haywood mwaka 1913 huko Bur Gao, zikiwemo za wafalme wa Kiyunani wa Misri, wasomi wengi hawaziamini kama ushahidi, kwa sababu habari ya kupatikana kwake haina uthabiti.

Sasa turudi Ghuba kwa kitabu hicho hicho. Katika sehemu ya 36 mwandishi anaitaja bandari ya Omana. Wengine wanaiweka ed-Dur, katika Umm al-Quwain, ambako limefukuliwa hekalu la mungu wa jua na vyombo vya kioo vya Kirumi. Wengine wanaiweka Sohar au Dibba, na wengine upande wa Makran. Omana ilipokea shaba na mbao za msaji kutoka India, na ubani kutoka kusini ya Arabia. Ikatoa lulu, tende na nguo. Na ikapeleka Arabia vyombo vyake vya kushona, vinavyoitwa kwa lugha ya huko madarate.

Basi kitabu kimoja, kalamu moja, kinataja vyombo vya kushona katika bandari mbili: Omana na Rhapta. Ufundi huo uliishi pande zote mbili mpaka karibu na zama zetu. Mtepe wa Lamu na Pate, wenye mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi na tanga la mkeka, uliendelea kusafiri hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Upande wa Oman, mwaka 1980 huko Sur liliundwa jahazi la kushona liitwalo Sohar, na Tim Severin akalipeleka hadi China bila ya msumari mmoja kushika mbao zake. Nani alimfundisha nani kushona? Periplus haisemi, na hakuna haja ya kuigombania. Bahari moja na mnazi mmoja vimetosha kufanya mafundi wa pande mbili waelewane.

Maneno yaliyogombaniwa

Tufike kwenye sehemu nyeti. Mwandishi anasema kwamba Rhapta iko chini ya mtawala wa Mapharitis, kwa haki ya kale inayoifanya ifuate ufalme wa Arabia. Watu wa Muza ndio walioikabidhiwa na mfalme, nao hukusanya ushuru. Hupeleka huko meli ambazo manahodha na mawakili wake wengi ni Waarabu, wanaoijua nchi na lugha yake, kwa kuwa wameizoea na wameoa huko.

Katika zama za ukoloni, maneno hayo yalisomwa kwa jicho moja. Reginald Coupland wa Oxford alikipa kitabu chake cha mwaka 1938 jina la Afrika Mashariki na wavamizi wake, na jina hilo linatosha kueleza fikra ya wakati ule: Afrika haina historia ila ya waliokuja. Kwa msomaji wa namna hiyo, Periplus ilikuwa ithibati kwamba Mwarabu alitawala tangu zamani. Baadaye, siasa ilipogeuka, sentensi ile ile iliweza kugeuzwa hati ya mashtaka: mmeona, wamekuwa watawala wa kigeni kwa miaka elfu mbili. Pande zote mbili zilichukua nusu ya sentensi.

Tuisome yote. Kwanza, utawala unaotajwa ni wa mbali, wa kukabidhiana ushuru baina ya mfalme na wafanyabiashara, na mwandishi huyo huyo anasema wenyeji wana wakuu wao kila mahali. Pili, waliojifunza lugha ni wageni. Nahodha wa Muza aliyetaka kufanya biashara Rhapta alijifunza kusema na watu wa Rhapta, akaoa kwao. Tatu, Muza na Mapharitis ni nchi za Yemen, upande wa Mukha. Waarabu hao walikuwa watu wa Himyar, karne nyingi kabla ya Uislamu. Mtu wa kabila la Kiomani asitafute jina la babu yake hapo, na wala asibebeshwe ushuru wa Muza. Nne, lugha ya Rhapta haikutajwa jina. Wanaisimu wanaiona lugha ya Kiswahili ikijitenga na ndugu zake wa Kibantu karne kadhaa baadaye. Kwa hivyo hatuwezi kusema kuwa manahodha wale walisema Kiswahili. Tunaweza kusema kwamba jambo lililokizaa, yaani watu wa bahari kukaa, kuoa na kusema lugha ya mji, lilikuwa limekwishaanza.

Na yapo mengine ya kusemwa wazi. Periplus inataja watumwa katika bidhaa za Opone na katika bidhaa za Omana. Katika orodha ya Rhapta hawamo. Waliomo ni pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya ng'amba. Orodha moja ya mfanyabiashara mmoja haitoshi kufuta wala kuthibitisha jambo zito kama hilo kwa karne zilizofuata. Lakini anayetaka kusema kuwa uhusiano wa Arabia na pwani ulianza kwa utumwa hatapata msaada kwa shahidi huyu, na anayetaka kusema kuwa bahari yetu haikujua utumwa hatapata pia.

Kwa hiyo ushahidi wa Kiyunani, ukisomwa wote, haumpi ushindi mtu yeyote. Unaonyesha mji wenye wenyewe, na wageni waliokuja kwa faida, wakalipa heshima, wakajifunza lugha, wakawa mashemeji. Nyumba iliyojengwa kwa ndoa ni vigumu kuigawa kwa kamba ya mwenyeji na mgeni, na karne ya 20 ilijaribu kuigawa kwa upanga.

Kutoka kwa Batlamyus hadi baridi yabisi

Karne moja hivi baada ya Periplus, Ptolemy wa Alexandria, ambaye Waarabu wanamwita Batlamyus, alikusanya habari za manahodha. Anamtaja Theophilos, aliyetoka Rhapta akafika rasi ya Somalia kwa siku 20. Rhapta kwake imekuwa mji mkuu. Nyuma yake bara, anaeleza, kuna milima ya Mwezi yenye theluji, na maziwa ambayo Nile inatoka. Ptolemy hakuwahi kufika huko. Habari za bara ziliwafikia mabaharia bandarini. Hali ilikuwa hiyo hiyo mwaka 1858, Speke alipoliona ziwa aliloliita Victoria: kabla ya hapo Sheikh Snay bin Amir el-Harthi, mfanyabiashara wa Kazeh, yaani Tabora, alikuwa amekwishawaeleza Burton na Speke habari za ziwa hilo. Wenye kuandika ramani walikuwa wengine. Wenye kuijua njia walikuwa watu wa misafara.

Elimu ya Ptolemy haikufa kwa sababu iliokolewa kwa Kiarabu. Al-Khwarizmi aliitumia Baghdad katika karne ya 9 kuandika kitabu chake cha sura ya dunia. Hunayn ibn Ishaq akafasiri vitabu vya tiba vya Galen, yaani Jalinus. Al-Mas'udi, aliyewasoma Wayunani hao kwa Kiarabu, alisafiri mwenyewe na manahodha wa Oman na Siraf hadi nchi ya Zanji, na safari yake ya mwisho kutoka kisiwa cha Qanbalu kurudi Oman ilikuwa mwaka 304 Hijria. Hapo ndipo Oman na pwani yetu zinapoonekana waziwazi zikiunganishwa na chombo kimoja. Mwishoni mwa karne ya 15, Ahmad ibn Majid wa Julfar, katika Ras al-Khaimah ya leo, aliandika kwa mashairi na kwa nathari njia za bahari hadi Sofala. Periplus na vitabu vya Ibn Majid ni kazi ya aina moja: mtu wa bahari anamwandikia mwenzake.

Tiba nayo ikaingia majumbani mwetu. Bibi anayesema kuwa chakula fulani kina baridi na chengine kina joto anasema maneno ya Galen. Belghamu ni phlegma ya Kiyunani. Safura ni nyongo ya manjano, mojawapo ya maji manne ya mwili katika tiba hiyo. Na maradhi ya viungo tunayaita baridi yabisi, yaani baridi na ukavu, ambavyo katika mizani ya Wayunani ndiyo tabia ya nyongo nyeusi. Anayetazama nyota kwa kugawa watu katika moto, upepo, maji na udongo anafuata mafundisho ya Empedocles wa karne ya 5 kabla ya Miladi. Hayo hayakuletwa pwani na Wayunani. Yaliletwa na masheikh, vitabu na misafara ya hija, na yakaingia katika Kiswahili kiasi kwamba hakuna anayeyaona kuwa ya kigeni.

Amana iliyomo makabatini

Funzo la mwisho ni la vitendo. Periplus haikuandikwa iwe historia. Ilikuwa daftari la bei, bandari na pepo, kitu ambacho warithi wa mwandishi wangeweza kukitupa siku ya kuhama nyumba. Rhapta, iliyokuwa na wakuu wake, lugha yake na mafundi wake, haikutuachia hata mstari mmoja wa mkono wake; tunaijua kwa daftari la mteja.

Majumba mengi ya jamaa zetu hapa Karama, Muscat, Mombasa na kwengineko yana madaftari ya namna hiyo: rahmani za manahodha, hesabu za karafuu na tende, barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, hati za mashamba, nasaba zilizoandikwa nyuma ya msahafu. Nyingi zilibebwa haraka mwaka 1964 pamoja na vitu vilivyoweza kuingia ndani ya sanduku moja. Waliozibeba sasa ni wazee, na wajukuu wao hawasomi hati ile. Hapa Dubai, Kituo cha Juma Al Majid cha Utamaduni na Turathi kinatengeneza na kunakili makhtutati. Oman, Mamlaka ya Taifa ya Nyaraka inapokea hati za familia. Zanzibar kuna Nyaraka za Taifa. Njia ya kunakili bila ya kuachana na asili ipo.

Anayezisoma barua hizo azisome zote, kama tulivyotaka Periplus isomwe: zenye fahari na zenye aibu, zinazomtaja bwana wa shamba na zinazomtaja mchumaji, zinazoonyesha nani aliposwa na nani na kwa lugha gani. Kizazi kijacho kitatuuliza tulikuwa nani. Ni bora jibu litoke katika mkono wetu wenyewe, kabla halijaandikwa tena na mpita njia.